Kutoka Karakana ya Harambee hadi Maabara Pepe: Historia ya Mazoezi ya Uhandisi Kisii na Nyamira

Maabara pepe ya mchezo ni chumba cha majaribio kilichojengwa ndani ya kompyuta kwa zana zilezile zinazotumika kutengeneza michezo ya video. Mwanafunzi huingia humo kwa umbo la mtu wa kwenye skrini, hutembea hadi mezani, huchukua gia, waya au bomba, huviunganisha, kisha huwasha mtambo aone kama utazunguka au utagoma. Akikosea, hakuna chuma kinachovunjika wala mtu anayeumia. Njia hii ya kufundisha uhandisi ilikua katika vyuo vya Marekani na Ulaya miaka ya 2000 na 2010. Kwa kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, inakuja juu ya historia ndefu zaidi: jitihada za zaidi ya nusu karne za kumpa mwanafunzi mazoezi ya mikono mahali ambapo vifaa havijawahi kutosha.

Ufundi kabla ya vyuo

Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, walikuwa na mafundi wao kabla ya shule. Wahunzi walifua majembe, mikuki na mapambo, na sehemu ya kazi yao iliuzwa kwa majirani Wajaluo. Huko Tabaka, wachongaji walifanya kazi ya mawe laini ambayo hadi leo hubeba jina la Kisii katika masoko ya dunia. Ufundi ulipita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto au kwa jamaa wa karibu. Mwanafunzi alikaa pembeni ya fundi, akavuta viriba, akashika nyundo ndogo, na baada ya miaka akaaminiwa kazi nzito. Hapakuwa na somo lililotenganishwa na kazi yenyewe, na kosa la mwanafunzi liligharimu chuma au jiwe halisi.

Ukoloni ulileta shule. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walijenga misheni ya Nyabururu na Waadventista wakajenga ya Nyanchwa, na mwaka 1934 serikali ikafungua shule ya Waafrika mjini Kisii, ambayo sasa ni Kisii School. Kijana aliyetaka kwenda juu zaidi katika ufundi alilazimika kuondoka nyumbani. Royal Technical College ya Nairobi ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, na Kenya Polytechnic ikafuata mwaka 1961. Hadi Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, milima ya Gusii haikuwa na chuo cha uhandisi, ingawa ilikuwa mojawapo ya sehemu zenye watu wengi na mashamba madogo nchini.

Enzi ya harambee

Mwanzo wa miaka ya 1970, wimbi la vyuo vya teknolojia vya harambee lilienea Kenya nzima. Karibu kila jamii kubwa ilitaka chuo chake, na wanasiasa, wakulima, walimu na wafanyabiashara wakachanga. Mwaka 1974, E. M. Godfrey na G. C. M. Mutiso waliandika utafiti kuhusu vyuo hivyo, wakionyesha jinsi siasa za maeneo zilivyosukuma ujenzi wake kwa kasi kuliko mipango ya serikali. Chuo cha watu wa Gusii kiliitwa Gusii Institute of Technology, na kilijengwa Kisii.

Harambee ilikuwa hodari kujenga kuta na kuezeka mabati. Ilikuwa dhaifu katika gharama zinazorudi kila mwaka: mafuta ya mashine, vyuma vya kukereza, fimbo za kuchomelea, vipuri na mshahara wa mkufunzi. Jengo likishazinduliwa, mchango hupungua, lakini mashine ya kukereza chuma huendelea kula. Tatizo hilo halikuwa la Kisii peke yake, ila liliweka alama ya kudumu juu ya ufundishaji wa eneo hilo. Wanafunzi wengi walizunguka mashine moja, wachache wakaigusa, na waliobaki wakanakili michoro kutoka ubaoni.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, shida ileile ilishuka hadi shule za msingi na sekondari. Wazazi waliombwa kujenga karakana na maabara ili watoto wasome useremala, umeme, uchoraji wa kiufundi na sayansi kwa vitendo. Watahiniwa wa kwanza wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, waliufanya mwaka 1989. Katika fizikia, karatasi ya tatu ikawa ya vitendo, na shule isiyo na vifaa ilihangaika kuvitafuta siku za mwisho ili wanafunzi wasikione kifaa kwa mara ya kwanza mbele ya msimamizi wa mtihani.

Kubuni vifaa: mradi wa SMASSE

Mwaka 1998, serikali ya Kenya na shirika la misaada la Japani, JICA, zilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika sekondari. Majaribio yake yalianza katika wilaya 9, na mbili kati ya hizo zilikuwa za Gusii: Kisii ya Kati na Gucha. Mwalimu alifundishwa kugeuza somo ili mwanafunzi afanye, badala ya kusikiliza tu. Pale kifaa kilipokosekana, mwalimu alitakiwa kukibuni kwa vitu vilivyopatikana jirani: makopo, chupa za plastiki, nyaya za zamani, betri za tochi, mbao za masalio.

Mradi ulienea nchi nzima kuanzia mwaka 2003. Umuhimu wake katika historia hii ni mkubwa kuliko idadi ya majaribio yaliyofanyika. Kabla yake, swali la mkuu wa shule lilikuwa moja: vifaa vitanunuliwa lini? SMASSE ilileta swali la pili: ni sehemu gani ya jaribio inayomfundisha mwanafunzi, na ni kitu gani kingine kinaweza kuibeba sehemu hiyo? Kopo lililotobolewa linaonyesha shinikizo la maji vizuri kama bomba la kioo lililoagizwa ng'ambo. Walimu waliokwisha kulizoea swali hilo hawakuwa mbali na wazo la maabara isiyo na vyuma kabisa.

Mashine za kuiga duniani

Wakati huohuo, nchi zenye viwanda zilikuwa zimekwenda mbali katika kuiga mashine. Mwaka 1929, Mmarekani Edwin Link alitengeneza chombo cha kumfundisha rubani akiwa chini, ambacho kilitumika sana katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1973, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilitoa SPICE, programu ya kukokotoa mwenendo wa saketi za umeme kabla hazijaunganishwa. Mwaka 1998, Jesús del Alamo wa MIT aliunganisha vifaa vya kupima transista na intaneti, hivi kwamba mwanafunzi aliyekuwa mbali alipima kifaa halisi kwa kompyuta yake. Kutoka hapo ukakua mpango wa iLabs, ambao katika muongo wa 2000 ulishirikisha vyuo vikuu vitatu vya Afrika: Makerere, Dar es Salaam na Obafemi Awolowo cha Nigeria.

Mwaka 2002, Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia, alianzisha mradi wa PhET katika Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder. PhET ilitoa bure majaribio ya kuigiza ambayo mwanafunzi huyachezea kwa kuburuta vitu kwenye skrini. La saketi ndilo lililojulikana sana. Mwanafunzi huchukua betri, waya na balbu, akaviunganisha. Akiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, ndimi za moto hulipuka juu ya betri, somo linaeleweka, na hakuna kilichoungua. Noah Finkelstein na wenzake wa chuo hicho walichapisha mwaka 2005 utafiti uliolinganisha wanafunzi waliotumia programu hiyo na waliotumia vifaa halisi. Waliotumia programu walielewa dhana za umeme vizuri zaidi, na walipopewa saketi halisi ya kuunganisha, waliwashinda wenzao.

Hatua ya mchezo kamili ilifuata. Mchezo wa Half-Life 2 wa kampuni ya Valve ulitoka mwaka 2004, na injini yake iliheshimu sheria za fizikia: vitu vilianguka, viligongana, vilibingirika na kuelea. Programu ya Garry's Mod iliyojengwa juu yake iliwapa watumiaji uhuru wa kuunda chochote wapendacho. Wahandisi wa Stevens Institute of Technology kule Hoboken, New Jersey, waliiona nafasi hiyo, wakaigeuza programu ya burudani kuwa maabara ya uhandisi wa mitambo. Humo wanafunzi wa kundi moja, kila mmoja akiwa kwenye kompyuta yake, walikutana katika chumba kimoja cha skrini, wakazungumza, wakatafuta vipande na kuunganisha mfumo wa gia.

Jaribio la gia na roli za chai

Mfumo wa gia za sayari unaonyesha vizuri kwa nini mchezo hufaa. Una gia ya katikati, gia ndogo zinazoizunguka, na duara la nje lenye meno upande wa ndani. Tuseme gia ya katikati ina meno 24, kila gia ndogo ina 24, na duara la nje lina 72. Duara la nje likishikwa lisizunguke, kasi itokayo hupatikana kwa kugawa kasi iingiayo kwa jumla ya 1 na uwiano wa meno, yaani 1 + 72/24, ambayo ni 4. Mota ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, kibebeo cha gia ndogo kitazunguka mara 300. Kitabuni, hii ni hesabu ya mistari miwili ambayo mwanafunzi huikariri na kuisahau. Ndani ya mchezo, akiweka gia ndogo yenye meno 22, meno hayakutani na mfumo haufungiki. Akisahau kulishika duara la nje, mota inazunguka na nguvu haifiki inakotakiwa. Hesabu inakuwa jibu la tatizo aliloliona mwenyewe.

Nyamira na Kisii zina mitambo inayoendeshwa kwa hesabu hizohizo. Viwanda vya chai vya Nyankoba, Kebirigo, Sanganyi, Gianchore, Tombe na Nyansiongo viko Nyamira. Ogembo, Nyamache, Kiamokama na Itumbe viko Kisii. Ndani ya kila kimoja, majani yaliyonyaushwa hupita kati ya roli za mashine ya CTC, jozi ya silinda zenye meno makali zinazozunguka kwa kasi tofauti, kwa kawaida moja ikienda mara kumi ya mwenzake. Tofauti hiyo ya kasi ndiyo hulivunja na kulisokota jani. Gia zikichakaa, uwiano huyumba na chai huharibika.

Viwanda kama hivyo ndivyo hupokea wanafunzi wa vyuo kwa atachimenti. Lakini kiwanda chenye magunia ya majani yanayosubiri hakiwezi kusimamisha mstari ili mwanafunzi afungue sanduku la gia, wala fundi wa zamu hawezi kumruhusu asiyejua aweke mkono karibu na roli zinazozunguka. Mwanafunzi huona nje ya mashine, huandika ripoti, hurudi chuoni. Pengo kati ya kuona nje na kujua ndani ndilo maabara pepe inaloweza kuziba.

Intaneti na vyuo vipya

Njia ya kufikia maabara hizo ilifunguka pole pole. Mwaka 1997, Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kikawa miongoni mwa vituo vya kwanza kupokea masomo kwa satelaiti. Makao ya mradi yalihamia Nairobi mwaka 2002. Mtandao wa KENET ulianzishwa mwaka 1999 kuunganisha vyuo vya Kenya. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipotia nanga Mombasa. Bei ya intaneti ikashuka, kasi ikapanda, na miaka michache baadaye simu mahiri ikawa kompyuta ya kwanza ya vijana wengi wa Gusii.

Taasisi zenyewe zilibadilika. Chuo cha ualimu kilichoanza Kisii mwaka 1965 kilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Egerton kama kampasi mwaka 1994, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na tarehe 6 Februari 2013 kikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kisii. Sheria ya TVET ya mwaka 2013 ilipanga upya elimu ya ufundi, na katika ugatuzi wa mwaka huohuo vyuo vya ufundi vya vijijini vikawekwa chini ya kaunti. Mwaka 2016, Gusii Institute of Technology ikapandishwa hadhi na kuwa Kisii National Polytechnic. Upande wa Nyamira, chuo cha ufundi cha Ekerubo Gietai kilichukua wanafunzi ambao zamani wangelazimika kushuka Kisii au Kisumu. Waziri wa Elimu mwaka huo wa 2016 alikuwa Fred Matiang'i, mwenyeji wa Nyamira, ambaye kabla ya hapo aliongoza wizara ya teknolojia ya habari. Ni mwaka huohuo tableti za mpango wa serikali wa ujuzi wa kidijitali zilipoanza kufika shule za msingi.

Kisha idadi ya wanafunzi ikapanda. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2018/2019, serikali ilianza kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha umma, na mikopo ya HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ikawafikia wengi. Milango ilifunguka, lakini mashine hazikuongezeka kwa kasi ya madawati. Vifaa vilivyonunuliwa kwa mkopo wa China viligawiwa vyuo zaidi ya 100 nchini, na mashine za kukereza zinazoongozwa kwa kompyuta zikaingia katika karakana. Mashine ya aina hiyo humlazimisha mwanafunzi kuiga kwanza: amri zake huandikwa na kupimwa kwenye skrini, kwa sababu tarakimu moja yenye kosa inaweza kukigongesha kisu kwenye chuma na kuharibu kifaa cha mamilioni.

Uigaji uliozoeleka zaidi katika vyuo vya Kenya ulikuja kupitia mitandao ya kompyuta. Packet Tracer, programu ya Cisco inayotolewa bure kwa wanafunzi wa akademia zake, humwezesha mtu kujenga mtandao mzima bila kununua ruta hata moja. Mwanafunzi huunganisha swichi mbili, huona alama ya rangi ya chungwa ikikaa nusu dakika hivi, kisha ikageuka kijani. Subira hiyo yenyewe ni somo: swichi huchunguza kwanza kama kuna njia inayojizunguka kabla ya kupitisha data. Programu za saketi na za kuchora majengo ziliingia kwa njia hiyohiyo, kutoka kompyuta za chuo hadi za wanafunzi.

Mwaka 2020 na baada yake

Katikati ya Machi 2020, serikali ilifunga shule na vyuo vyote kwa sababu ya korona. Mihadhara iliweza kuhamia kwenye Zoom na WhatsApp. Kazi ya karakana haikuweza. Mwanafunzi wa umeme aliyerudi nyumbani Borabu ya Nyamira au Bomachoge ya Kisii alibaki na simu, vifurushi vya data na madaftari yake. Hapo majaribio mepesi yalionyesha thamani yake. Majaribio mengi ya PhET yalikuwa yameshahamishwa kwenye mfumo unaofanya kazi katika simu ya kawaida, yanaweza kupakuliwa na kutumiwa bila intaneti, na baadhi yamefasiriwa kwa Kiswahili. Maabara za mchezo kamili, zinazohitaji kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, zilibaki mbali na nyumba nyingi za vijijini. Katika miaka hiyohiyo, mradi wa Ulaya ulioitwa Go-Lab Goes Africa ulikuwa ukifundisha walimu wa Kenya, Nigeria na Benin kutumia majaribio ya mtandaoni katika masomo ya sayansi.

Mageuzi ya mtaala yameongeza uzito wa suala hili. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2019 ulifika sekondari ya juu Januari 2026, na mojawapo ya njia zake tatu ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Vyuo vya ufundi navyo vimeelekea kwenye mafunzo ya umilisi, ambapo mwanafunzi hupimwa kwa kazi anayoweza kuifanya mbele ya mtahini.

Mipaka na sharti

Maabara pepe ina mipaka inayojulikana. Haimfundishi mtu uzito wa chuma, mtetemo wa beringi iliyochakaa, harufu ya waya unaoanza kuungua, wala kiasi cha nguvu kinachokaza nati bila kuikata. Fundi wa jua kali wa Daraja Mbili, mjini Kisii, huyajua hayo kwa vidole na masikio. Kwa upande mwingine, fundi huyo mara nyingi hakupata nafasi ya kukosea mara ishirini bila kulipia, na nafasi hiyo ndiyo mchezo unayoitoa kwa bei ndogo.

Mpangilio unaofaa Kisii na Nyamira unatokana na historia hii: skrini kwanza, mashine baadaye, na mkufunzi katikati. Kompyuta 20 zenye programu zilizopakuliwa huwapa wanafunzi 20 jaribio la gia kwa saa moja. Mashine moja ya karakana hubaki kwa ajili ya wale waliokwisha kuonyesha kwamba wanajua watakachokigusa. Umeme ukikatika au intaneti ikilegea, programu zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta ndogo yenye betri haziathiriki kwa muda.

Kilichobaki ni maabara iliyojengwa juu ya mitambo ya hapahapa. Ustadi wa kutengeneza michezo upo Kenya: Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa pande tatu, mwaka 2007. Mashine ya CTC, boila ya kuni ya kiwanda cha chai na pampu ya maji ya mteremkoni zote zinaweza kuingizwa katika mchezo kama ilivyoingizwa gia ya Hoboken. Vyuo vya kaunti hizi mbili, viwanda vya chai na watengenezaji wa michezo wakikaa meza moja, kizazi cha wahandisi wa Gusii kitafika kwenye sanduku la gia kikiwa tayari kinajua kilichomo ndani.